Bure ya nani? Mwongozo kamili wa kusoma leseni kabla hujaweka programu kwenye seva yako

Mama mweka hazina wa SACCO moja ya wenye malori hapa Busia, upande wa Uganda, aliniuliza swali nikiwa nimepiga magoti chini ya meza yake, naunganisha waya wa mtandao: "Fundi, hii kitu ni bure ama si bure?" Nikamjibu bila kuinua kichwa, "Ni bure, mama." Miezi tisa baadaye nilirudi kwenye meza ile ile kwa aibu. Programu niliyomfungia, ambayo jina lake nitalihifadhi, ilikuwa imejisasisha Jumapili usiku. Kitufe cha kutoa orodha ya wanachama na akiba zao kwenda Excel kilikuwa kimeota kikufuli pembeni. Ukikibonyeza, kinakupeleka kwenye ukurasa wa bei za dola. Mkutano mkuu ulikuwa Alhamisi.

Hakuna aliyetudanganya. Mradi ule ulikuwa umeandika tangu mwanzo kwamba baadhi ya vitu vitakuja kuwa vya kulipia. Mimi ndiye niliyeona neno "huria" (open source) nikaacha kusoma. Huu hapa chini ni utaratibu ninaoufuata tangu siku ile, mteja awe duka la dawa, shule, ofisi ya wakala wa forodha au SACCO. Unahusu programu unazoendesha mwenyewe kwenye seva yako, iwe kompyuta ndogo iliyofungiwa kabatini au seva ya kukodi. Si lazima uwe mwanasheria. Tenga saa mbili na daftari.

Bure za aina tatu

Neno "bure" kwenye dunia ya programu lina angalau maana tatu, na kila moja ina bili yake.

Ya kwanza ni huria kamili. Unapewa msimbo wote, yaani maandishi yanayounda programu, na hakuna toleo jingine lililofichwa ghalani. ERPNext, programu ya kuendeshea biashara (ERP), iko chini ya leseni ya GPLv3. Kampuni inayoitengeneza, Frappe, inapata pesa kwa kuwahifadhia watu seva na kuwapa msaada. Moodle inayotumika vyuoni iko hivyo hivyo. Kwa SACCO kuna Apache Fineract pamoja na kurasa zake za Mifos, mradi uliozaliwa Grameen Foundation na sasa unalelewa na Apache Software Foundation. Hapa leseni ni bure, lakini mtu anayeijua Fineract vizuri si bure hata kidogo. Atakutoza, na ana haki.

Ya pili ni kiini huria. Katikati ya programu ni huria, na kukizunguka kiini hicho kuna ua wenye vitu vya kulipia. GitLab, inayotunza msimbo wa waandishi wa programu, iko hivi. Odoo, programu nyingine ya biashara, pia: toleo la jamii liko chini ya leseni ya LGPLv3, ndugu wa GPL, tangu toleo la 9 la mwaka 2015, na toleo la kampuni linalipiwa kwa kila mtumiaji.

Ya tatu ni msimbo unaoruhusiwa kuuona, pengine hata kuubadilisha, ila umewekewa katazo la kibiashara. n8n, inayounganisha programu mbalimbali zifanye kazi zenyewe, iko hapa. Terraform, inayotumika kuandaa seva kwa maandishi, nayo imekuwa hapa tangu Agosti 2023. Nyingi za aina hii hujiita "wazi", lakini Open Source Initiative, taasisi inayotunza fasili ya programu huria tangu 1998, haizihesabu kuwa huria.

Wafanyabiashara huita aina ya pili na ya tatu frimiamu. Mimi naita kuonjesha. Muuza nanasi pale stendi hukukatia kipande, ni kitamu kweli, na hakuna ubaya wowote, mradi ujue kwamba nanasi lenyewe lina bei.

Hatua ya 1: Andika utaifanyia nini

Kabla hujafungua ukurasa wowote, andika kwenye daftari jibu moja kati ya haya: nitaitumia mwenyewe ofisini; nitamfungia mteja kwenye mashine yake; au nitaiweka kwenye seva yangu na kuwatoza wateja wengi kila mwezi. Leseni moja huweza kuruhusu jibu la kwanza na kukataza la tatu. n8n ndiyo mfano mzuri. Leseni yake inakuruhusu kuitumia kwa kazi za ndani za biashara yako bila kulipa shilingi. Ukiwakusanya mawakala ishirini wa forodha kwenye seva yako moja ukawatoza kwa mwezi, umevuka mstari na unahitaji mkataba na wenyewe.

Mafundi wengi hapa hufanya majibu yote matatu kwa pamoja bila kujua. Wanaanza na ofisi yao, jirani anapenda, anaunganishwa kwenye seva ile ile, anatuma elfu hamsini kwa MoMo (pesa za simu), na tayari imekuwa biashara ya kuuza huduma.

Hatua ya 2: Fungua faili la leseni lenyewe

Usiamini ukurasa wa mbele wa mradi. Pakua msimbo, ingia kwenye folda yake, na uandike:

find . -iname "*license*" -not -path "*/node_modules/*"

Ukipata faili moja tu, lisome. Ukipata mawili au matatu kwenye folda tofauti, hapo ndipo penye habari. Tutayarudia katika hatua ya 3. Jina la leseni kwa kawaida liko kwenye mistari mitatu ya kwanza, na ukishajua jina umejua ukoo.

Ukoo wa kwanza, MIT, BSD na Apache 2.0, ni wakarimu. Tumia, badilisha, uza, funga ndani ya programu yako ya siri, almradi utunze tangazo la hakimiliki la wenyewe. Apache inaongeza ruhusa kuhusu hataza (haki za uvumbuzi). DHIS2, ambayo Wizara ya Afya ya Uganda inaitumia kukusanya ripoti za vituo vya afya, iko chini ya BSD, na hiyo ni sababu mojawapo ya nchi nyingi kuweza kuirekebisha zitakavyo.

Ukoo wa pili ni GPL. Hapa watu huchanganyikiwa, kwa hiyo nitakaa kidogo. GPL haikusumbui kabisa ukiitumia ndani ya ofisi yako, hata ukiibadilisha vipi. Masharti yanaamka siku unapompa mtu nakala. Mimi huuza kompyuta ndogo yenye ERPNext ndani, niliyoiongezea ukurasa wa safari za malori: namba ya gari, dereva, mafuta, posho ya njiani. Nikiikabidhi kompyuta ile nimetoa nakala, na mteja ana haki ya kupata msimbo, pamoja na nilichoongeza kwenye programu yenyewe. Ana haki yeye niliyempa. Sidaiwi kuutangazia ulimwengu. Lakini naye sasa ana ruhusa ya kumpa mwingine. Mteja wangu mmoja alimpa mpwa wake, na kijana yule leo anafunga mashine kama zangu kule Malaba kwa bei ya chini. Nilinuna wiki nzima. Halafu nikakumbuka kwamba mimi mwenyewe nilianza kwa msimbo wa watu.

Ukoo wa tatu ni AGPL ya mwaka 2007, iliyoziba mwanya mmoja wa GPL. Chini ya GPL, mtu aliweza kuibadilisha programu, akaiweka kwenye seva, watu wakaitumia kwa mtandao, na kwa kuwa hakuna aliyepewa nakala hakudaiwa kitu. AGPL inasema: ukiibadilisha na watu wakaitumia kupitia mtandao, watu hao wapewe njia ya kupata msimbo wako uliobadilishwa. Nextcloud ya kuhifadhi mafaili ya ofisi, Grafana ya kuchora takwimu (tangu 2021), na Proxmox ziko hapa.

Kuna uvumi unaoniudhi. Mhasibu mmoja alikataa Nextcloud kwa sababu aliambiwa AGPL itamlazimisha kuweka mafaili ya ofisi hadharani. Hapana, mama. Leseni inahusu msimbo wa programu. Hesabu zako, picha zako na majina ya wanachama wako haviguswi. Na kama hujabadilisha hata mstari mmoja wa programu, sharti hilo la mtandao halijakufikia.

Ukoo wa mwisho ni wa makatazo: BSL, SSPL, FSL, na zile ambazo kampuni imejiandikia yenyewe. BSL ina kitu kizuri ambacho wengi hawakioni, nacho ni tarehe. Kila toleo hubadilika na kuwa huria kamili siku fulani, isiyozidi miaka minne tangu litoke. FSL hungoja miaka miwili. Itafute tarehe hiyo ndani ya faili uiandike daftarini. Utafute pia mstari wa matumizi yaliyoruhusiwa, maana BSL ya mradi huu si BSL ya mradi ule. Kila mmoja hujaza pengo hilo anavyotaka.

Hatua ya 3: Utafute ua ulipopita

Kama ni kiini huria, ua upo ndani ya msimbo wenyewe na unaonekana kwa macho. Kwenye GitLab kuna folda iitwayo ee yenye leseni yake. Vilivyomo humo ni vya kulipia, na sehemu kubwa ya kilichobaki iko chini ya MIT. Kwenye n8n, mafaili yenye .ee. kwenye jina lake yana leseni tofauti na jirani zake walio folda moja. Hii ndiyo maana ya yale mafaili mawili ya leseni uliyoyapata.

Ukishauona ua, jiulize kilichoachwa nje kwa jina la bure kinatosha kufanya kazi ya mteja wako. Odoo inafundisha vizuri. Toleo la jamii linakupa ankara, stoo, mauzo na ununuzi, na ni imara. Uhasibu kamili uko toleo la kulipia. Moduli za Odoo Community Association huziba sehemu ya pengo hilo, na nimezitumia, lakini kila Odoo ikitoa toleo jipya unangoja watu wa kujitolea wazisogeze. Kwa duka la vipuri, ankara na stoo vinatosha. Kwa SACCO inayokaguliwa kila mwaka, ningekuwa muwazi tangu siku ya kwanza kwamba uhasibu utagharimu kitu, kwa njia moja au nyingine.

Hatua ya 4: Soma ukurasa wa bei kuanzia mwisho

Kurasa za bei hupangwa ili usome kuanzia kushoto, kwenye "bure", ukafurahi. Wewe anza na safu ya mwisho, ya bei kubwa kuliko zote, uandike kila kitu kinachokosekana kwenye ya bure. Utakuta mambo yanajirudia: kuingia kwenye programu zote za ofisi kwa akaunti moja, daftari la nani alibadilisha nini, viwango vya ruhusa za watumiaji, bekapu za kujiendesha, idadi ya watumiaji, na mtu wa kukupokelea simu.

Sasa kata kwa mstari kile kisichokuhusu. SACCO ya wafanyakazi 14 haihitaji akaunti moja ya programu zote. Daftari la mabadiliko inalihitaji sana, kwa sababu kamati ya usimamizi ikiuliza nani alishusha riba ya mkopo wa mwanachama fulani tarehe 3, jibu la "mfumo hauonyeshi" linaweza kumfukuzisha mtu kazi bila kosa. Kama daftari hilo liko upande wa kulipia, programu hiyo kwako haina toleo la bure.

Piga hesabu ya siku mbaya. Tuseme toleo la kulipia ni dola 10 kwa mtumiaji kwa mwezi. Watu 14 kwa miezi 12 ni dola 1,680. Kwa shilingi 3,700 kwa dola, hiyo ni 6,216,000. Ongeza VAT ya 18% upate 7,334,880. Mpelekee mwenyekiti namba hiyo hata kama leo halipi kitu, asaini kwamba ameiona. Na kwa kuwa shilingi hupanda na kushuka, namba hiyo haitabaki ilipo.

Si kila kionjo ni mtego. Proxmox, inayogawa mashine moja kuwa nyingi, hukutolea kisanduku kila unapoingia, kikikukumbusha kwamba huna usajili. Kinakera. Lakini vipengele vyote viko wazi. Wanaolipa hupata hazina ya masasisho yaliyojaribiwa zaidi pamoja na msaada, na bei huhesabiwa kwa kila soketi ya prosesa kwa mwaka. Naiheshimu biashara inayokera kuliko inayochomoa kitufe usiku.

Hatua ya 5: Nani ana mamlaka ya kubadilisha leseni?

Hatua hii mafundi huiruka, na kwangu ndiyo inayoonyesha mapema kuliko zote mambo yatakavyokuwa.

Tafuta kwenye maelekezo ya wachangiaji kama kuna mkataba unaoitwa CLA. Mara nyingi mkataba huo humpa mwenye mradi haki ya kutoa mchango wa kila mtu chini ya leseni nyingine atakayoitaka baadaye. Ukiwa na mradi wa kampuni moja, yenye wawekezaji, na CLA ya namna hiyo, jua mlango wa kubadilisha leseni una komeo tu, hauna kufuli. Ukiwa na mradi ulio mikononi mwa taasisi kama Apache au Linux Foundation, au wenye mamia ya wachangiaji ambao kila mmoja ameshika hakimiliki ya kipande chake, kubadilisha ni kazi kubwa mno.

Historia iko wazi. MongoDB, programu ya hifadhidata, ilihamia SSPL Oktoba 2018. Elastic, wenye programu ya utafutaji Elasticsearch, iliacha Apache 2.0 mwaka 2021, Amazon ikachukua msimbo wa zamani ikaanzisha OpenSearch. HashiCorp ilihamisha Terraform kwenda BSL Agosti 2023, na tawi la OpenTofu likazaliwa, yaani msimbo wa zamani ukaendelezwa na watu wengine kwa jina jipya. Redis, hifadhidata ya kasi, iliacha BSD Machi 2024. Mwezi huo huo Linux Foundation ikatangaza Valkey, tawi la Redis. Halafu upepo ukageuka: Elastic ikaongeza AGPL mwaka 2024, na Redis ikafanya hivyo Mei 2025. Mara nyingine leseni haiguswi ila vitu hupungua. MinIO, programu ya kuhifadhi mafaili, mwaka 2025 iliondoa vidhibiti vingi vya msimamizi kwenye ukurasa wa toleo lake la jamii, ingawa leseni ilibaki AGPL.

Kuna jambo la kumtuliza mteja hapa. Toleo ulilolipata chini ya leseni ya zamani linabaki na leseni hiyo. Kinachobadilika ni matoleo yajayo. Unachokosa ni marekebisho ya usalama, na hayo ndiyo yatakayokusukuma kuhama, mapema au baadaye.

Hatua ya 6: Fanya mazoezi ya kutoka kabla ya kuingia

Weka programu kwenye mashine ya majaribio Ijumaa jioni. Ingiza wanachama kumi wa uongo, mikopo mitatu, malipo kadhaa, na mkopo mmoja uliochelewa. Kisha:

Toa kila kitu kwa vitufe vya programu yenyewe, uone kama majina, tarehe na salio vinatoka vyote kwenye faili la CSV au Excel. Mara nyingi tarehe hutoka vibaya, au viambatisho havitoki kabisa.

Toa hifadhidata nzima bila kupitia programu. Kwa PostgreSQL ni pg_dump, kwa MariaDB ni mariadb-dump. Ipeleke kwenye laptopu nyingine, irejeshe, uingie. Bekapu ambayo hujawahi kuirejesha usiihesabu.

Chomoa waya wa intaneti siku nzima, Jumamosi asubuhi hadi jioni. Programu zenye funguo za leseni huweza kupiga hodi kwa mwenye nazo kupitia mtandao. Umeme wetu unajulikana: unakatika saa kumi, unarudi saa kumi na mbili, na mnara wa mtandao unarudi usiku. Unataka kujua Jumamosi hii, ukiwa peke yako na chai yako, kama mfumo utakubali kufunguka bila intaneti, kuliko kujua siku foleni ya wanachama iko dirishani.

Mimi siku ile ya kikufuli niliokolewa na pg_dump. Kitufe kilifungwa, lakini data ilikuwa kwenye diski yetu. Nilikaa Jumatano usiku nikiandika maswali ya SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, nikaipata orodha ya wanachama saa nane za usiku, safu ya simu ikiwa imepoteza sifuri za mwanzo zote. Mama mweka hazina alizirudisha kwa mkono, mwanachama mmoja mmoja, bila kunisemesha. Kama mfumo ule ungekuwa kwenye seva ya mtu mwingine, tungelipa tu.

Hatua ya 7: Mambo ya Uganda ambayo leseni haiyajui

EFRIS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa URA (Mamlaka ya Mapato ya Uganda). Ukimwekea mteja wa VAT mfumo wa mauzo, ankara zake lazima zifike URA. EFRIS inaruhusu mfumo kuunganishwa na mfumo, lakini kiunganishi hicho hakimo ndani ya programu nyingi huria zinazotoka nje. Kuna watu hapa nchini wanaoviuza, na mara nyingi kiunganishi kimefungwa na kina bei ya mwaka. Matokeo yake ni kwamba unaweza kuwa na ERP huria kabisa yenye lango moja la kulipia, na lango hilo ndilo analopitia mteja kila siku. Kiunganishi kikaguliwe kama programu inayojitegemea: nani anacho, kinasasishwa na nani URA ikibadilisha kitu, na akitoweka itakuwaje.

Data za watu. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inamtaka anayekusanya taarifa binafsi ajisajili na Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi iliyo chini ya NITA-U, mamlaka ya teknolojia ya habari ya Uganda. Kuwa na seva yako kabatini hakukuondolei wajibu huo; kunakurahisishia tu kujibu swali la data ziko wapi. Angalia pia kama toleo la bure linatuma takwimu za matumizi nje, na uzime kama inawezekana.

Malipo. Wauzaji wengi wa nje wanataka kadi ya benki. MoMo hawaijui. Kadi ikikataliwa usiku wa kuhuisha, mfumo hauulizi sababu. Mwulize mhasibu kuhusu kodi ya zuio ya 15% kwenye mrabaha unaolipwa kwa asiye mkazi, kabla URA haijamwuliza yeye.

Hatua ya 8: Karatasi kati yako na mteja

Ukurasa mmoja unatosha. Andika jina la programu, toleo, leseni yake kwa jina kamili, vitu gani ni vya kulipia leo, na hela unazolipwa ni za nini: kufunga, kufundisha, kutunza. Usiandike "nimemuuzia programu" kama hukuitengeneza.

Kifungu kimoja usikisahau. Sheria yetu ya Hakimiliki ya 2006 inasema kazi iliyoagizwa na mtu ni mali ya aliyeagiza, isipokuwa mkataba useme vinginevyo. Ukurasa wangu wa safari za malori ungekuwa mali ya mteja wa kwanza aliyeniagiza kama tusingeandika. Tuliandika, mistari miwili, mbele ya chai ya maziwa.

Jina na nembo navyo ni jambo la pembeni. Leseni ya msimbo haikupi ruhusa ya kujiita wakala rasmi wala kubandika nembo ya mradi kwenye gari lako.

Hatua ya 9: Kama wewe ndiye mtengenezaji

Vijana wengi wananiuliza jinsi ya kula kwa programu huria. Maoni yangu ni haya, na yanaweza kupingwa. Uza kile kinachokugharimu kila mwezi: seva, SMS, utunzaji wa kiunganishi cha EFRIS, mafunzo ya matawini. Usiweke kufuli kwenye mlango wa kutokea, wala kwenye marekebisho ya usalama. Toza kwa shilingi, kwa MoMo, na kwa tawi badala ya kwa mtumiaji. Ukitoza kwa mtumiaji, watu watano watashiriki nywila moja na daftari la mabadiliko litakuwa upuuzi.

Kwa leseni, kama hofu yako ni kampuni kubwa kuichukua kazi yako na kuiuza mtandaoni bila kurudisha kitu, AGPL inatosha wengi. Ukitaka kuwauzia wengine leseni tofauti pembeni, lazima haki zote za msimbo ziwe zako, kwa hiyo kila anayekuchangia akusainie. Ukichagua BSL, ichague kwa uwazi, weka tarehe, na usiiite huria. Na ua wako uutangaze siku ya kwanza, kwenye ukurasa wa mbele, kabla mtu hajaweka data zake.

Hatua ya 10: Siku leseni ikibadilika

Usisasishe usiku huo. Zima masasisho ya kujiendesha, na kwa kweli yasingekuwa yamewashwa kwenye mfumo wa pesa tangu mwanzo. Kwenye Docker, chombo cha kuendeshea programu zilizofungashwa, badala ya latest ("toleo jipya kabisa") andika namba kamili ya toleo. Hifadhi msimbo wa toleo lako na faili zake za usakinishaji kwenye diski mbili. Soma leseni mpya ukiwa na lile jibu la hatua ya 1 mkononi: pengine katazo linawalenga wauza wingu (seva za mtandaoni) wakubwa na wewe halikuhusu kabisa. Ngoja wiki chache uone kama kuna tawi linaloota, na nani yuko nyuma yake. Matawi mengi hunyauka, machache kama Valkey hushika mizizi. Funga mfumo usifikike kutoka intaneti, uache mtandao wa ndani tu au VPN, ili ukosefu wa masasisho usikuumize haraka.

Ndani ya mlango wa kabati la seva nabandika karatasi ya A4: jina la programu, toleo, leseni, tarehe niliyosoma leseni mara ya mwisho, tarehe ya bekapu iliyorejeshwa ikakubali, na bei ya siku mbaya. Pale kwa wenye malori mama mweka hazina ameongeza mstari wake kwa kalamu nyekundu: "Fundi asisasishe wiki ya mkutano."